Mkojo una sukari +++ lakini kidole kinasoma 7: je, niache dawa?

*"Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 56, niko Tanga, kisukari nimekaa nacho mwaka wa tisa sasa. Natumia metformin ya 1000 asubuhi na jioni, gliclazide ya 60 asubuhi, na za presha: amlodipine ya 10 na kidonge chenye losartan pamoja na hydrochlorothiazide. Wiki sita zilizopita kliniki walikuta protini kwenye mkojo wangu, wakaniongezea empagliflozin ya 10. Hiyo mpya na za presha nazimeza usiku baada ya kula ili nisisahau. Tangu nianze naamka kukojoa mara nne usiku, sehemu za siri zinawasha, natokwa na uchafu mweupe mzito. Choo cha uani kimejaa sisimizi, jambo ambalo sijaliona tangu mwaka ule nilipogundulika. Nilienda maabara ya mtaani, mkojo ukaonekana una sukari +++ na chembe za usaha, nikaambiwa sukari imepanda vibaya na nina UTI sugu. Nikapewa ciprofloxacin ya siku saba na kidonge kimoja cha fangasi, bado siku tatu nimalize. Lakini mashine yangu asubuhi inasoma 6.9, 7.4, haivuki 8. Juzi alfajiri niliamka natetemeka, jasho linanitiririka, nikapima ikasoma 3.1, nikanywa chai ya sukari nikatulia. Kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, ilikuwa 88, sasa ni 101. Shemeji yangu anasema dawa hii inatoa sukari kwa kuunguza figo, jamaa yake aliitumia akaishia kusafishwa damu. Je, niache? Na Ramadhani iko karibu, nina nia ya kufunga."*

Marahaba, dada yangu. Ni wachache wanaouliza wakataja dawa zote, dozi na saa za kumeza. Wewe umetaja, na ndiyo maana naweza kukujibu kwa kina.

Jibu fupi kwanza. Usiiache empagliflozin kwa maneno ya shemeji. Haiunguzi figo, umepewa kuzilinda. Huko kuwashwa kunaelekea sana kuwa kumetokana nayo, na kuna tiba. Kuamka mara nne usiku si kosa lake peke yake. Na zile alama tatu za sukari kwenye mkojo hazina maana uliyoambiwa. Ila katika maelezo yako yote, kilichonishtua ni kile ulichokipitia haraka haraka kana kwamba ni jambo dogo: ile 3.1 ya alfajiri. Tuanze hapo.

Kwa mtu anayetumia gliclazide, sukari ikienda chini ya 4 imeshuka na inatakiwa kushughulikiwa papo hapo. Gliclazide huisukuma kongosho itoe insulini, uwe umekula au hujala. Metformin haina tabia hiyo, na empagliflozin ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi hicho. Kwa hiyo mshukiwa ni gliclazide. Lakini dawa hii unaimeza siku zote na hukuwahi kutetemeka, basi nini kimebadilika?

Mambo matatu yamegongana mwilini mwako. La kwanza, umeongezewa dawa nyingine ya kushusha sukari bila gliclazide kupunguzwa, wakati mara nyingi inafaa ipunguzwe kidogo hasa kama sukari ilikuwa tayari inakaribia kuwa nzuri. La pili ni hicho kidonge kimoja cha fangasi. Nadhani ni fluconazole ya 150, maana ndiyo hutolewa kidonge kimoja. Fluconazole huzuia kimeng'enya cha ini chenye kazi ya kuvunja gliclazide, kwa hiyo dawa ambayo ingekuwa imeshapungua mwilini inabaki ikifanya kazi. Na fluconazole haiondoki leo kesho. Hukaa siku kadhaa. La tatu ni ciprofloxacin. Dawa za kundi lake zinaweza kuyumbisha sukari, kuipandisha au kuishusha, na mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo hilo liandikwe kwa mkazo zaidi kwenye maelezo ya dawa hizo. Septrin nayo, ukichanganya na gliclazide au ndugu yake glibenclamide, inaweza kuishusha sukari vivyo hivyo.

Kwa siku hizi chache, basi, pima zaidi ya ulivyozoea: asubuhi, kabla ya chakula cha jioni, kabla ya kulala, na ukishtuka usiku pima hapo hapo. Usilale na njaa. Ikisoma chini ya 4, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini rudia. Ikishapanda, kula kitu chenye kukaa tumboni. Waonyeshe wa nyumbani namna ya kufanya, maana sukari ikishuka sana wewe mwenyewe hutaweza kujisaidia. Wakikuta huna fahamu wasikumiminie kitu mdomoni, wakukimbize hospitali. Na piga simu kliniki yako leo, usingoje tarehe ya kadi. Waulize mambo mawili: gliclazide ipunguzwe kiasi gani, na ciprofloxacin ina sababu ya kuendelea au haina. Uamuzi wa mwisho ni wa anayekuona, lakini nitakueleza kwa nini mimi nina shaka na hiyo UTI.

Ili hilo lieleweke, lazima kwanza ujue kidonge chako kinafanya nini.

Figo zako huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, na ndani yake mna sukari, chumvi na vingine vingi vyenye thamani. Vyote hivyo vingeachwa vitoke, mtu angekauka kabla ya adhuhuri. Figo hufanya kama mama aliyetoka sokoni akamwaga kapu lote mkekani, kisha akawa anarudisha kimoja kimoja anachokihitaji, takataka akaziacha. Kwenye mirija myembamba ya figo kuna protini ambazo kazi yake ni kuokota sukari na kuirudisha kwenye damu. Mojawapo, iitwayo SGLT2, ndiyo huokota karibu asilimia 90 ya sukari yote. Kwa asiye na kisukari hakuna kinachobaki. Lakini sukari ya damu ikipita takriban 10, inakuwa nyingi kuliko uwezo wa kuiokota, na inayobaki hutoka na mkojo. Ikitoka huvuta maji, ndiyo maana mwenye sukari ya juu hukojoa sana na kuona kiu. Sisimizi wa mwaka ule uliogundulika walitokana na hilo.

Empagliflozin inaizuia SGLT2 isiokote. Kwa dozi yako ya miligramu 10, mtu mwenye kisukari hutoa takriban gramu 64 za sukari kwa mkojo kila siku, zaidi ya dazeni ya vijiko vya chai. Hutoka hata kama kidole kinasoma 6 au 7. Sisimizi hawajui kama sukari hiyo imetoka kwa sababu damu imezidiwa au kwa sababu umemeza kidonge. Wao wanafuata utamu tu. Na karatasi ya maabara haijui pia. Kwa yeyote anayetumia empagliflozin, au ndugu zake dapagliflozin na canagliflozin, sukari ya mkojo itasoma ++ au +++ siku zote, na kipimo hicho hakifai tena kupimia hali ya kisukari chake. Kingesoma hakuna kitu, ningekuuliza kama kweli unameza dawa. Amini mashine yako, na amini kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c.

Wazo hili si geni, ingawa kidonge ni kipya. Mwaka 1835 dutu iitwayo florizini ilipatikana kwenye gome la mizizi ya mtufaha, na mwaka 1886 daktari Mjerumani Josef von Mering akaonyesha kuwa inatoa sukari kwenye mkojo. Haikufaa kuwa dawa, maana inaharisha na tumbo haliinyonyi vizuri. Iliwachukua wakemia zaidi ya karne kutengeneza aina zinazomezeka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Sasa turudi kwenye ile karatasi. Uliambiwa una UTI kwa sababu ya chembe za usaha. Lakini mwanamke mwenye fangasi ukeni, anayetokwa na uchafu mzito, akikojoa kwenye kikopo bila kujisafisha vizuri kwanza na bila kuacha mkojo wa mwanzo upite, chembe hizo hutoka ukeni na kuingia kwenye kikopo. Kibofu chake kinaweza kuwa salama kabisa. UTI ya kweli ina dalili zake: mkojo unaunguza ndani kwa ndani unapotoka, unabanwa ghafla na kutoa matone, tumbo linauma chini ya kitovu, mkojo una damu au harufu mbaya. Wewe hukutaja hata moja. Ulitaja kuwashwa na uchafu mweupe. Ukihisi mkojo unachoma, jiulize unachoma wapi: ndani kwenye njia yake, au nje pale unapogusa ngozi iliyochubuka kwa kujikuna? Hilo la pili ni fangasi.

Naomba radhi kwa wenzangu wa maabara, lakini nchini kwetu tumezoea kutibu karatasi badala ya mtu. Neno "UTI sugu" limegeuka kuwa msumari wa kutundikia kila kinachowasha na kila homa. Kama daktari ana shaka ya kweli, mkojo uoteshwe kabla ya dawa kuanza, ili ijulikane kuna mdudu gani na anauawa na nini. Na kwa kukutuliza: katika majaribio ya empagliflozin, waliopata UTI kwa dozi ya miligramu 10 walikuwa asilimia 9.3, na waliopewa kidonge kisicho na dawa asilimia 7.6. Kwa dozi ya 25 ilikuwa 7.6 ile ile. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuifanya dawa hii mama wa UTI.

Fangasi ndiyo hadithi nyingine. Hapo dawa ina hatia. Mkojo wenye sukari unapita na kubaki kwenye mikunjo ya ngozi, na fangasi aina ya kandida anapenda sukari kuliko sisimizi wako. Katika majaribio hayo hayo, wanawake waliopata fangasi sehemu za siri walikuwa asilimia 5.4 kwa dozi yako, dhidi ya 1.5 kwa wasiopewa dawa. Wanaume walikuwa 3.1 dhidi ya 0.4, na asiyetahiriwa yuko hatarini zaidi. Kwa hiyo wengi hawapati, na wanaopata kwa kawaida hupata mara moja au mbili mwanzoni, wanatibiwa, wanaendelea na dawa. Si ugonjwa wa zinaa. Nalisema wazi kwa sababu nyumba zimeingia ugomvi kwa jambo hili. Mzee naye akianza kuwashwa, atibiwe, na kusiwe na mashitaka.

Tiba inayokufaa wewe, kwa kuwa unatumia gliclazide, ni vidonge vya kuweka ukeni vya clotrimazole, pamoja na krimu yake kwa kupaka nje. Haviingii kwenye damu kwa kiasi cha kuigusa gliclazide. Usirudie fluconazole ya kumeza bila daktari kujua. Kuhusu kujisafisha, desturi yetu ya kutumia maji baada ya haja ndogo ni kinga nzuri hasa kwa dawa hii, maana inaondoa sukari iliyobaki. Safisha kwa maji tu, kutoka mbele kwenda nyuma, kisha ujikaushe kwa kitambaa safi, maana unyevunyevu ndio nusu ya tatizo. Usiingize kitu ndani: si sabuni, si Dettol, si ndimu, si udi wa kujifukiza. Vaa nguo ya ndani ya pamba, na usiku si lazima uvae. Kwa umri wako kuna pia ukavu unaokuja baada ya hedhi kukoma, nao huwasha na huleta haja ya kukojoa mara kwa mara. Kama baada ya matibabu uchafu umeisha lakini muwasho umebaki, mwone daktari akuangalie, usiongeze dawa ya fangasi juu ya fangasi. Na fangasi wakirudi mara tatu nne kwa mwaka, hapo ndipo tunakaa chini na kupima upya kama kidonge hiki kinakufaa. Kuna watu haiwezekani, na tunawabadilishia bila lawama.

Kukojoa usiku kumekuchosha, najua. Lakini tazama hesabu hii. Empagliflozin ya miligramu 25, zaidi ya mara mbili ya dozi yako, iliongeza mkojo wa siku nzima kwa takriban mililita 341 siku ya kwanza, na siku ya tano nyongeza ilikuwa imeshuka hadi 135. Hiyo ni kama nusu ya kikombe cha chai. Baada ya wiki sita haiwezi kukuamsha mara nne peke yake. Mshukiwa wangu mkuu ni hydrochlorothiazide, ambayo ni dawa ya kukojoza iliyojificha ndani ya kidonge chako cha presha, na wewe unaimeza usiku! Hamishia asubuhi vyote viwili, hicho na empagliflozin. Lakini siku ya kubadilisha saa, muulize mfamasia usije ukameza dozi mbili zikakaribiana. Mshukiwa wa pili ni amlodipine. Je, miguu yako huvimba jioni, soksi au kamba za ndara zikaacha alama? Amlodipine ya 10 hufanya hivyo kwa wengi. Maji yaliyojaa miguuni mchana hurudi kwenye damu ukilala, figo zikayatoa usiku. Kama ndivyo, inua miguu juu ya mto alasiri kwa muda wa saa moja au mbili, na mwambie daktari, kwani dozi inaweza kupunguzwa. Kisha kuna chai ya usiku, ambayo sitakuhubiria sana. Usijinyime maji mchana kwa kuogopa kuamka. Kwa dawa hii hilo ni kosa kubwa zaidi.

Nikiwa hapo, nigusie dawa nyingine za sukari kwa kuwa wengi huuliza. Metformin haiongezi mkojo wala haiharibu figo; inapunguzwa au kusimamishwa pale figo zilipokwisha kudhoofika, ndipo watu wakageuza sababu kuwa matokeo. Pioglitazone yenyewe hutunza maji mwilini na kuvimbisha miguu, na mwaka 2011 Ufaransa ilisimamisha matumizi yake kwa hofu ya saratani ya kibofu. Anayeitumia akiona damu kwenye mkojo asilale nayo.

Kuhusu figo, shemeji yako ana nia njema, lakini mshale umeelekea nyuma. Ndani ya figo yenye kisukari, vichujio hufanya kazi kwa presha kubwa kupita kiasi, na presha hiyo ndiyo inayovichana taratibu hadi protini inaanza kuvuja. Inatokea hivi: SGLT2 ikiokota sukari huokota na chumvi pamoja. Sehemu ya figo inayopima chumvi mbele ya safari ikiona chumvi haijafika, inadhani damu ni kidogo, inafungua mshipa wa kuingizia damu, na presha ndani ya kichujio inapanda. Empagliflozin inaacha chumvi ifike, mshipa unabana kidogo, presha inashuka. Presha ikishuka, figo huchuja pungufu kidogo kwa wiki za mwanzo, na kreatinini hupanda. Kutoka 88 hadi 101 ni ongezeko la kama asilimia 15. Ongezeko lisilozidi asilimia 30 wiki za mwanzo tunalitarajia, mradi baadaye lisimame. Rudia kipimo baada ya wiki chache. Ikiendelea kupanda, tunatafuta sababu nyingine.

Faida yake imepimwa. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa 2023, wa watu 6,609 wenye ugonjwa wa figo, wenye kisukari na wasio nacho, ulionyesha kuwa empagliflozin ilipunguza kwa asilimia 28 hatari ya figo kuzidi kuharibika au mtu kufa kwa ugonjwa wa moyo. Ni kupunguza hatari, si kinga kamili, na bei yake bado ni mzigo kwa wengi wetu. Faili la jamaa wa shemeji sijaliona. Ila dawa hii mara nyingi hupewa watu ambao figo zao zimeshaanza kuugua, kama wewe ulivyokutwa na protini, na wengine hufikiwa wakiwa wamechelewa. Kidonge cha mwisho kumezwa ndicho hubebeshwa lawama.

Kinachounguza figo kweli mara nyingi kiko kwenye mkoba: diclofenac ya mgongo, ibuprofen ya magoti. Ukizichanganya na losartan na dawa ya kukojoza, siku ambayo hujanywa maji, ndipo figo hulia. Kwa maumivu tumia paracetamol. Na siku ukiandikiwa sindano za gentamicin kwa ajili ya hiyo UTI, sema kwa sauti kwamba una kisukari na protini kwenye mkojo, uulize kama kuna nyingine.

Zipo nyakati za kuisimamisha empagliflozin bila kungoja ruhusa. Ukitapika, ukiharisha, ukiwa na homa kali au huwezi kula na kunywa, iache siku hizo, na metformin pia pamoja na kile kidonge cha losartan na hydrochlorothiazide, uwasiliane na kliniki. Utarudia ukishakula na kunywa vizuri siku moja au mbili. Gliclazide nayo ni hatari kwa mtu asiyekula, iulizie katika simu hiyo hiyo. Ukipangiwa upasuaji, empagliflozin huachwa siku tatu kabla. Sababu ni kwamba mwili uliokosa chakula na maji, ukiwa kwenye dawa hii, unaweza kuanza kuchoma mafuta kupita kiasi na damu ikajaa asidi ziitwazo ketoni. Kwa kawaida hali hiyo huja na sukari ya juu sana, lakini kwa dawa hii inaweza kuja sukari ikiwa 9 au 11 tu, na hata mhudumu akadanganyika. Dalili ni kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kuhema haraka na uchovu usio wa kawaida. Ukifika hospitali na hali hiyo sema: "Natumia empagliflozin, naomba nipimwe ketoni." Usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu sukari inaonekana nzuri.

Nenda pia haraka, hata usiku, ukipata homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavuni au mgongoni, maana huenda maambukizi yamepanda kwenye figo. Vilevile ukipata maumivu makali, uvimbe au wekundu kati ya sehemu za siri na haja kubwa. Hilo la mwisho ni nadra sana, lakini linakimbia kwa saa, si kwa siku, na aibu isikuzuie kumwonyesha daktari.

Imebaki Ramadhani. Sitakuambia usifunge, wala sitakuambia funga, nitakueleza ninavyoona. Mwenye kisukari anatakiwa aonane na daktari wake wiki sita hadi nane kabla ya mwezi. Wewe una gliclazide, una dawa ya kukojoza, figo zimeanza kuvuja protini, na sukari imeshuka wiki hii hii. Kwa hali ya leo ningekushauri usifunge. Lakini hali ya leo inaweza kurekebishwa. Ukikaa wiki kadhaa bila sukari kushuka, kreatinini ikatulia, fangasi wakaisha, mazungumzo yanabadilika. Hapo empagliflozin huhamia wakati wa futari, gliclazide hupunguzwa au kuhamishiwa futari, na dawa ya kukojoza hutazamwa upya, kwa joto la pwani mchana kutwa bila maji. Dozi za empagliflozin haziongezwi mwezi huo. Kunywa maji ya kutosha kati ya futari na daku, na daku usiiruke. Pima sukari mchana. Wanazuoni wengi wanasema kutoboa kidole hakubatilishi saumu, muulize shehe wako mapema ili moyo utulie. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, au ukaanza kutapika, fungua hapo hapo hata kama imebaki nusu saa adhana isikike. Mgonjwa ana ruhusa yake, nawe unaijua kuliko mimi.

Ukienda kliniki wiki hii, beba mashine yako yenye kumbukumbu za vipimo, karatasi ya maabara, na dawa zote ndani ya mfuko mmoja, hata zile za mgongo na za kununua dukani. Mwambie daktari akuangalie huko chini, usikubali kuandikiwa kwa maelezo tu. Ukipenda mhudumu mwanamke, omba. Ni haki yako.